Masikio Yote Mawili Yaonekane

Ijumaa hiyo jua lilikuwa limebakiza kiganja kimoja lizame nyuma ya vichaka vya Mkiwa, na Emilian alikuwa amepiga goti mbele ya studio yake akimpiga picha kuku.

Usimcheke. Kuku yule alikuwa mazoezi. Kesho yake alfajiri, saa kumi na moja kamili, gari la Benson na wapiga picha wenzake kutoka Singida mjini lilikuwa lipite njia panda limchukue, waende pori la Rungwa siku nne kupiga picha wanyama. Siyo bibi harusi, siyo watoto wa komunio. Wanyama! Kwa miaka ishirini na mbili Emilian alikuwa mpiga picha za passport, na hakuna mtu kati ya Mkiwa na Mungaa ambaye hajawahi kuambiwa naye "inua kidevu." Alifika mahali anawajua watu kwa masikio kuliko kwa sura, maana picha ya passport isiyoonyesha masikio yote mawili, ofisini wanakurudishia. Lakini simba hajawahi kumwona hata mkia. Hii ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza.

Na aliitangaza! Miezi miwili Mkiwa haikupumua. Wauza mahindi ya kuchoma walikuwa wanajua tarehe. Madereva wa malori walikuwa wanajua tarehe. Nadhani hata mbuzi wa pale njia panda walikuwa wanaijua. Mkewe Dorika alikata pazia la sebuleni akamshonea kizibao cha kijani chenye mifuko kumi na minne, na kifuani akatarizi kwa uzi mwekundu: EMILIAN. Kulishona jina aliweza. Kulitamka hajawahi. Miaka kumi na tisa ya ndoa, yeye na adabu zake za nyumbani kwao Mungaa, mumewe ni Baba Eliza tu, wakipendana Baba Eliza, wakigombana Baba Eliza.

Mchana huo walikuwa wameshaagana. Emilian alisema atalala studio, karibu na barabara, gari lisije likampita.

"Na simba ukimkuta amelala?" aliuliza Laurenti, fundi baiskeli wa mlango wa pili, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kumchokoza Emilian.

"Namwamsha. Namwambia, mzee, inua kidevu, tazama hapa, masikio yote mawili yaonekane."

"Na akikataa?"

"Laurenti, kamera hii imemnyamazisha mama mkwe wako dakika mbili nzima. Simba ni nani?"

Watu walicheka mpaka kuku akakimbia.

Kisha kicheko kikakatika. Kilikatika kwa wote kwa pamoja, kama redio iliyoishiwa betri.

Bibi mmoja alikuwa amesimama mlangoni mwa studio. Hakuna aliyemwona akija. Wanamjua, ni Bibi Yunisi, wa ng'ambo ya korongo, anakaa peke yake kwenye tembe ya mwisho mwisho iliyobaki maeneo yale. Watu wanamsalimia sokoni, lakini kwake hawaendi. Sababu hakuna anayeisema. Ila wafugaji wote wa pale fisi wamewalia ndama, na wa Bibi Yunisi hata mmoja hajawahi kuguswa.

"Shikamoo bibi," alisema Emilian.

"Marahaba." Macho yake yalikuwa ukutani, ndani ya studio, kwenye picha kubwa iliyowekewa fremu nyeusi. "Huyu ni nani?"

"Ndugu yangu, bibi. Mtoto wa baba mkubwa. Peniel. Alipotelea porini Rungwa, huu mwaka wa tisa."

"Alipotelea Rungwa," alisema bibi, polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mboga. "Haya."

Emilian aliangalia pembeni. Peniel ndiye aliyemfundisha kushika kamera. Miaka tisa nyuma walipanga waende Rungwa wawili, Peniel akarine asali, Emilian apige picha. "Ningoje barabarani Mkiwa," Emilian alimwambia. Usiku huo akapata harusi Ikungi, yenye pilau, naye hakutokea. Peniel alionekana amekaa juu ya ndoo yake ya asali, kando ya barabara, mpaka saa sita mchana. Baada ya hapo hakuonekana tena. Kwenye matanga Emilian aliwaambia watu kwamba Peniel alikuwa mbishi, aliondoka peke yake. Yale maneno ya "ningoje" aliyameza.

"Nina mwanangu anataka picha ya passport," alisema bibi. "Hawezi kutembea kuja huku. Wengine wameogopa. Ila nimesikia hapa wewe hata simba unamkalisha."

Laurenti alikohoa. Watu wote walikuwa wanamtazama Emilian. Angesemaje? Aliyesema ataamsha simba, akatae kumpiga picha mtoto wa bibi kizee?

"Anataka passport ya nini, bibi?"

"Anasafiri."

"Lini?"

"Kesho alfajiri. Hajawahi kutoka. Anaitamani safari hiyo, mwanangu, usiku halali."

"Kama mimi!" alisema Emilian, akacheka.

Bibi hakucheka.

Emilian akaacha simu kwenye chaji, akaacha begi, akafunga studio. Kamera aliibeba na lenzi aliyoazimwa na Benson, ndefu kama mchi wa kinu. Lenzi fupi, ile ya kazi za karibu, ilikuwa ndani ya begi. Alijua anapaswa kuichukua. Lakini Laurenti anamwangalia, na mchi ule ukiwa shingoni mtu unaonekana mtu. Na kizibao amevaa. Akamfuata bibi.

*

Tembe ile ilikuwa imezama nusu ardhini. Paa bapa la udongo, majani yameota juu yake, ukipita mbali unaweza kudhani ni kichuguu. Ndani, vyumba vilifuatana kama mabehewa ya treni: unaingia cha kwanza, unapita kwenda cha pili, unapita kwenda cha tatu. Dirisha hakuna.

Chumba cha kwanza kilikuwa cha ng'ombe. Kumi, au kumi na wawili. Wote walikuwa wamegeukia ukuta. Hakuna aliyecheua. Hakuna aliyepiga mkia.

Kimya...

Halafu harufu. Asali, ile iliyochacha. Na chini ya asali, harufu nyingine, ya manyoya yaliyonyeshewa.

Kando ya ng'ombe, hatua mbili tu kutoka mlangoni, mtu alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejifunika blanketi mpaka kichwani. Koroboi iliwaka sakafuni.

"Habari za saa hizi, ndugu," alisema Emilian.

Blanketi lilipumua.

"Anaitwa nani, bibi?"

"Jina lake silijui. Mimi namwita mwanangu."

Mama asiyejua jina la mwanawe! Emilian alijiambia ni uzee. Kazi ni kazi, amalize aondoke. Alishusha blanketi mabegani mwa yule mtu, akakuta kifua wazi. Sasa, kila studio ina koti lake la wateja. La Emilian ni la bluu, linaning'inia kwenye msumari, na ukikusanya vitambulisho vya Mkiwa nzima utakuta wanaume wote wamevaa koti moja. Lakini koti lilikuwa studio. Na mtu hapigwi passport kifua wazi.

Akavua kizibao chake. Akamvisha.

Alimvisha kwa mikono yake mwenyewe, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, akamfunga vifungo kama anavyowafunga wateja wote. Vidole viligusa shingo. Ilikuwa ya moto, moto wa tumbo la mnyama, na ina manyoya magumu mafupi. Emilian alifuta vidole kwenye suruali. Akaweka kamera jichoni.

Ukungu mtupu.

Lenzi ile inataka umbali. Mtu akiwa karibu haioni kitu. Nje, giza lilikuwa limeshashika, na mteja hawezi kutembea. Basi Emilian akafanya kile ambacho mpiga picha yeyote anafanya bila hata kufikiri: alirudi nyuma, jicho kwenye kamera. Hatua moja. Ukungu. Hatua ya pili. Ukungu.

"Nyuma pana nafasi," alisema bibi. "Rudi tu."

Akarudi. Kisigino kikagusa kizingiti, akakivuka. Chumba cha pili.

"Rudi tu, mwanangu."

Kizingiti kingine. Chini ya miguu palikuwa na kitu laini, kama zulia. Chumba cha tatu. Hapo picha ikakaa sawa. Kule mbele, milango miwili mbele yake, uso ulijaa kwenye kioo, umeinama.

"Inua kidevu," alisema Emilian.

Kidevu kikainuka.

"Tazama hapa. Usipepese."

Akabonyeza. Flashi ikawaka.

Mtu akipigwa flashi gizani, wakati mwingine macho hutoka mekundu. Kila mpiga picha anajua hilo. Mbuzi, paka, fisi, hao ndio macho yao hurudisha mwanga.

Haya yalirudisha kijani.

Mdomo wa Emilian umezoea kazi, ukaendelea wenyewe: "Geuka kidogo... masikio yote mawili... yaonekane."

Uso ukageuka. Sikio la kulia, zima. Sikio la kushoto...

Ncha yake ya juu haikuwepo. Imekatika kimviringo, kama karatasi iliyotafunwa na panya. Sikio hilo Emilian alikuwa amelipiga picha mara nyingi. Alikuwa amelikuza mwenyewe kwa ajili ya jeneza lisilo na mtu. Mwenye sikio hilo aling'atwa na punda akiwa na miaka saba, Mungaa, na Emilian alikuwepo, ndiye aliyemchokoza punda.

"Peniel?"

Ng'ombe wote wakalia kwa pamoja.

Yule mtu aliinuka kwenye kigoda. Aliinuka kwanza kwa mikono na miguu, mgongo juu. Kisha akajinyoosha, mfupa kwa mfupa, mpaka akasimama wima. Sauti ilimtoka ikiwa imekwaruzwa, kama ulimi umesahau njia.

"E...mi...li... Ulisema... nikungoje... barabarani."

Emilian alikimbilia mlango. Hatua nne tu. Miti ya mlango wa chumba cha tatu ilishuka mbele ya pua yake, tii.

"Bibi! Bibi Yunisi, fungua!"

"Sijafunga mimi." Sauti yake ilikuwa karibu, upande wa pili wa miti, tena ya upole. "Huku hakuna kufuli, mwanangu. Anayeitwa jina lake hapa hutoka. Mwenzako nilimkuta barabarani, amekaa kwenye ndoo, hana anayemngoja. Walimwita huko Rungwa mpaka koo zikakauka. Hapa hakuna aliyekuja kumwita. Umemwita wewe. Sasa ametoka, na nafasi haikai tupu. Subiri na wewe uitwe."

"Dorika ataniita! Laurenti ataniita!"

"Watakuita kwa nini?" alisema bibi. "Wewe si uko safari?"

Koroboi ikazimwa.

*

Alitafakari maneno hayo gizani, na kila alipoyageuza yalikuwa na meno. Siku nne. Mkiwa nzima inajua Emilian yuko Rungwa, kwa sababu Emilian mwenyewe ameiambia mara mia. Nani atamtafuta? Mdomo wake ndio ulioziba mlango.

Alisukuma miti. Haikutikisika. Alichimba ukuta kwa lenzi ya Benson mpaka kioo kikapasuka, akapata udongo kiasi cha kujaza kikombe. Alipapasa kile kitu laini sakafuni, mkono ukaenda, ukaenda, ukakuta kucha. Ilikuwa ngozi nzima ya simba. Na wazee wa kwao wanalo jina la mtu anayeibwa, akafungiwa gizani, akafundishwa kutembea kwa minne mpaka asahau kwamba aliwahi kuwa na miwili. Wanamwita mbojo. Utotoni Peniel na Emilian walitishana kwa jina hilo, wakacheka.

Alilia kidogo. Siwezi kumficha.

Jogoo akawika. Tembe ile haikuwa mbali na barabara ya Itigi, na hewa ya alfajiri inabeba sauti. Alilisikia gari. Akalisikia linapunguza mwendo.

Honi. Mara tatu.

"Niko huku!" alipiga kelele. "Benson! Niko huku!"

Kilichotoka kooni kilikuwa kikavu na kizito, na ng'ombe wa chumba cha kwanza wakaanza kurukaruka na kupiga kuta mateke. Akanyamaza. Akaisikia sauti ya Benson, inacheka, kama vile yuko pale mlangoni.

"Emilian! Leo umetuwahi wewe? Panda, panda mzee, Rungwa hiyo!"

Mlango wa gari ukafungwa.

Gari likaondoka.

Ndipo alipoacha kupiga kelele. Alikaa juu ya ile ngozi, kwa sababu sakafu ilikuwa na baridi. Bibi alikuja, akapitisha kibuyu cha maziwa kati ya miti, na kipande cha nyama. Nyama haikuwa imepikwa. Aliisukuma mbali. Bibi alikuja tena. Aliisukuma mbali, ila siyo mbali sana. Baadaye, saa hata hajui saa ngapi, aligundua kwamba anaviona vidole vyake. Taa hakuna, mwanga hakuna, lakini anaviona, na kila ufa wa ukuta, na buibui. Aligundua harufu ya manyoya haimsumbui. Na aligundua kwamba kwa muda mrefu alikuwa anazunguka chumba kwa magoti na viganja, akizunguka, akizunguka, na mgongo hauumi kabisa.

Nyama haikuwepo tena pale alipoisukuma.

Hakukumbuka ameila.

*

"Hodi! Hodi hapa!"

Sauti ya Dorika. Emilian alijitupa kwenye miti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa." Bibi alikuwa nje, anapepeta alizeti, ungo ulisikika, shwaa, shwaa.

"Sikai, bibi. Namtafuta mume wangu. Laurenti anasema Ijumaa aliondoka na wewe."

"Mume wako si yuko safari? Mkiwa nzima inajua."

"Benson amenitumia picha kwenye simu leo, nikitoka kanisani. Wamesimama wote kwenye gari." Dorika alikuwa anahema. "Kizibao ni chake. Uso ni wake. Lakini mimi ndiye ninayemnyoa nywele, bibi, kila wiki ya pili. Mume wangu ana masikio mazima. Nikapiga simu yake. Imeita ndani ya studio, na studio imefungwa."

Shwaa. Shwaa.

"Basi kama unamtafuta, mwite."

"Baba Eliza!"

Miti haikusogea. Emilian alifungua mdomo ajibu, na kilichotoka kikawafanya ng'ombe wakanyagane.

"Ni nini hicho ndani?"

"Ng'ombe. Wanaogopa wageni. Mwite tena."

"Baba Eliza! Baba Eliza weee!"

Hakuna. Miti imekaa pale pale. Emilian alielewa kabla ya mkewe. Jina. Anayeitwa jina lake. Na mwanamke yule, kwa heshima aliyolishwa na mama yake na bibi yake, hajawahi kulitia jina la mumewe mdomoni hata siku moja, hata kanisani siku ya ndoa padri alilisema yeye akaitikia kwa kichwa. Emilian alikuwa akiwatambia wanaume wenzake kuhusu hilo. Mke wangu, alikuwa akisema, hata nyumba ikiungua ataita Baba Eliza.

"Baba Eliza wako wengi nchi hii," alisema bibi. "Huyo wako hana jina?"

"Analo."

"Basi?"



"Siwezi," alisema Dorika, sauti ndogo. "Sijawahi."

"Basi rudi nyumbani, mwanangu. Jua linazama."

Nyayo zikaondoka. Emilian alizihesabu, maana sasa alikuwa anasikia hata changarawe inavyohama. Tano. Kumi. Kumi na nane. Aliukwaruza mlango kwa kucha, na kucha zikaacha alama ndefu kwenye miti, ndefu kuliko kucha za mtu.

Ishirini na sita.

Nyayo zikasimama.

Zikarudi. Mbio. Akaja mpaka mlangoni penyewe, akaweka mdomo karibu na ukuta, akasema kwa kunong'ona, kama mtu anayetukana mbele ya altare:

"Emilian."

Miti ikainuka yenyewe.

Alitoka. Alitoka kwa mikono na magoti, akapita kati ya ng'ombe, nao wakampisha huku wanajikojolea. Dorika alimwona na hakukimbia. Na mimi nakwambia, wanaume wote wa Mkiwa pamoja na mabaiskeli yao wangekimbia. Yeye alifungua kitenge chake kiunoni, akamfunika, akamshika kwapani, akamsimamisha.

Bibi Yunisi hakuinua hata macho kutoka kwenye ungo.

"Una bahati wewe," alisema. "Umeitwa siku ya pili. Mwenzako kaitwa mwaka wa tisa."

*

Kesho yake mwenyekiti wa kijiji alikwenda na wanaume sita. Waliwakuta ng'ombe wanacheua. Walimkuta bibi, akawakaribisha togwa. Chumba cha tatu kilikuwa kimejaa magunia ya alizeti mpaka darini, na vumbi juu yake la msimu mzima. Mlangoni, kweli, kulikuwa na mikwaruzo. Bibi akasema ni panya. Hakuna aliyesema panya gani.

Jumanne, Benson na wenzake walirudi. Walisimamisha gari mbele ya studio, wamevua kofia, wamepanga namna ya kumwambia mjane. Wakamkuta Emilian kwenye benchi, anakunywa chai. Benson alikaa chini, pale pale kwenye lami.

"Tulikuwa na wewe," alisema. "Siku mbili. Ulisema umepoteza sauti kwa baridi. Ulikula mbuzi nusu, Emilian, tena hukungoja aive. Jumapili jioni ulisema unashuka kidogo, ukaingia kwenye majani. Tumekutafuta mpaka jana."

"Jumapili saa ngapi?"

"Jua linazama."

Emilian alimtazama Dorika. Dorika akatazama chini.

"Halafu tukamwona huyu," alisema Benson, akawasha kamera.

Simba dume, karibu kabisa, ametoka kwenye majani pale pale. Miaka yote wapiga picha wanasema simba hakai. Anaangalia pembeni, anapiga miayo, anakupa mgongo. Huyu alikuwa amekaa wima, katikati ya picha. Kidevu kimeinuliwa. Macho hayapepesi, yameikazia kamera. Masikio yote mawili yanaonekana.

La kushoto halina ncha.

Usiku huo Emilian alimwambia Dorika yale maneno aliyoyameza miaka tisa. Alimwambia yote, harusi, pilau, ndoo ya asali kando ya barabara. Dorika alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Asubuhi nenda kwa baba mkubwa. Ukamwambie na yeye." Akaenda. Mzee alirudisha tu fremu nyeusi kama ile ya studio, nakala aliyopewa siku ya matanga, akamwekea mikononi.

Wiki ya tatu, jioni, jua limebakiza kiganja, Emilian alikuwa ndani ya studio anamchapishia Benson picha ya yule simba. Sijui shetani gani alimwingia. Mkono umezoea, ukaseti ukubwa wa passport. Nne. Alikuwa anazikata kwa mkasi alipoona kivuli kwenye kaunta.

"Shikamoo bibi," alisema. Adabu ni adabu.

"Marahaba. Nimefuata picha za mwanangu."

Emilian aliweka mkasi chini. Bibi Yunisi alinyoosha mkono, akaziokota zile picha moja moja, akaziangalia kwa karibu, akatabasamu kama mama yeyote.

"Ametoka vizuri. Masikio yote mawili." Alifunga tatu kwenye pindo la kanga. Ya nne akairudisha kwenye kaunta, akaisukuma kwa kidole mpaka mbele ya Emilian. "Hiyo ni yako. Nasikia mwezi ujao gari linakwenda tena."

"Mimi siendi, bibi."

"Eeh?" Alikuwa ameshafika mlangoni. "Miaka yote hiyo unaitamani, halafu huendi? Mwanangu atasikitika. Amenituma nikwambie." Aligeuka, na mwanga wa jua ukamwingia machoni, nayo yakaurudisha. "Anasema safari hii ni zamu yako. Wewe ndiye umngoje barabarani."